"Hiyo mipira si ulikuwa ukiiokota hapa hapa?"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Mombasa, umri wangu miaka 26, na kwa sasa niko Oklahoma. Tenisi niliianza kwa kuokotea wanachama mipira katika klabu moja pale kisiwani, Jumamosi na Jumapili, malipo yakiwa nauli na soda. Mwanachama mmoja akanipa raketi yake kuukuu, nikawa nacheza ukutani wao wakishaondoka, na mambo yakaenda hivyo hivyo mpaka nikapata ufadhili katika chuo kidogo cha Divisheni ya Pili huku, yaani daraja la pili la michezo ya vyuo. Nilichezea timu miaka minne, nikapata shahada ya sayansi ya mazoezi, kisha chuo kikanibakiza. Wananilipia masomo ya uzamili katika usimamizi wa michezo, nami nawafanyia kazi ya kocha msaidizi. Namaliza mwezi wa Mei.

Sasa nimeitwa kazini mahali pawili. Pa kwanza ni chuo kidogo huko Kansas, nacho cha Divisheni ya Pili, ambako nitakuwa kocha mkuu wa timu mbili, ya wanaume na ya wanawake, kwa dola 39,000 kwa mwaka pamoja na bima. Msaidizi hakuna. Pa pili ni chuo kikuu cha Divisheni ya Kwanza, jina lake hata wewe umelisikia kwenye televisheni. Hapo nitakuwa msaidizi wa pili wa timu ya wanawake kwa dola 32,000, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, katika jiji kubwa lenye kodi kali za nyumba. Kocha mkuu wa hapo ameniambia kwamba jina la chuo chake litanifungulia milango popote nitakapokwenda baadaye.

Baba yangu ni karani mstaafu wa bandari. Nilipomweleza alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo mipira si ulikuwa ukiiokota hapa hapa?" Binamu yangu ni muuguzi Texas, na mshahara wake ni karibu mara mbili ya huo wa Kansas. Yeye ananiambia nirudi darasani mwaka na nusu nichukue uuguzi, niache michezo ya watoto. Nina mchumba pia, mwalimu wa sekondari huko nyumbani. Posa imekubaliwa, mahari imepelekwa, na arusi imepangwa Agosti. Wazazi wake wameuliza ninafanya kazi gani, mama akawajibu, "Yuko chuoni." Si uongo, lakini nilipoambiwa niliona haya.

Nasikia pia kwamba vyuo vinafuta timu za tenisi. Nisije nikashika kazi leo, kesho ikaniponyoka na mke nimeshamleta.

Lakini Shangazi, kazi yenyewe naipenda. Mwezi wa Machi tulikuwa sare pointi tatu kwa tatu, umebaki uwanja mmoja tu, wa sita. Msichana wetu anayetoka Bolivia alikuwa nyuma gemu mbili kwa tano katika seti ya tatu. Walipobadilishana upande nikakaa naye benchi, nikamwambia aache kutafuta kona, arudishe kila sevu katikati, yule mwenzake ndiye akosee. Akashinda saba kwa tano. Timu nzima ilimrukia. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha, na katika miaka yote niliyocheza mwenyewe sikuwahi kuhisi vile.

Je, hii ni kazi ya mtu mzima anayetaka kulea familia? Na kama ni kazi, nishike ipi?

Mwana wa Mombasa, Oklahoma

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijarudi Pwani nilifanya kazi miaka mingi huko huko Marekani, katika ofisi ya masomo ya wanamichezo ya chuo kimoja. Makocha wa tenisi nimewaona wakiwa hawana raketi mkononi: wamesimama mlangoni kwangu saa mbili asubuhi na orodha ya majina, wanauliza nani kafeli takwimu na nani hajaonekana darasani wiki nzima. Kwa hiyo nitakujibu kutoka upande huo.

Nianze na mzee, maana hajakosea kuuliza. Yeye aliona klabu, akaona wanachama wakicheza na watoto wakiokota, na hakuna aliyemwonyesha mtu mwingine yeyote pale anayekula kutokana na mipira hiyo. Mweleze kwamba nchi uliyoko ina watu waliozeeka kwa heshima katika kazi hii. Dick Gould alianzia Foothill, chuo cha miaka miwili huko California, na mwaka 1966 akachukuliwa na Stanford. Alikaa hapo hadi 2004, akaondoka na mataji 17 ya taifa ya timu ya wanaume. John McEnroe, ambaye mzee huenda alimwona kwenye televisheni akigombana na waamuzi, alipitia mikononi mwake 1978. Huko Georgia, Dan Magill alishinda mechi 706 za timu, na muda wote huo alikuwa pia anashughulikia habari za michezo za chuo. Aliyempokea mwaka 1988 ni Manuel Diaz, kijana wa Puerto Rico aliyekuja Georgia kama mchezaji, akawa msaidizi wa Magill, kisha akaiongoza timu hadi 2024 na kuipa mataji manne. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani, kwa hiyo habari za viza hazikumkosesha usingizi kama zitakavyokukosesha wewe. Lakini njia aliyopita ndiyo hiyo unayoiuliza.

Mwambie pia kwamba Angella Okutoyi, baada ya kutwaa kombe la wasichana la wawili wawili pale Wimbledon 2022, alikwenda kucheza chuoni Auburn, Alabama. Mabinti kama hao lazima wawe na mtu wa kuwafundisha.

Hao niliowataja, hata hivyo, ni wachache sana. Takwimu za serikali ya Marekani za 2024 ziliweka mshahara wa katikati wa makocha na wasaka vipaji wa michezo yote kwenye dola 45,000 na kitu kwa mwaka. Ukiutazama hivyo, dola 39,000 katika mji mdogo wa Kansas si matusi. Dola 32,000 katika jiji kubwa, kwa mtu anayetaka kuoa, ndizo zinazonitia wasiwasi.

Sasa tuje kwa yule msichana wa Bolivia. Umenieleza vizuri mno jinsi alivyoshinda, lakini hukunieleza kama muhula ule alifaulu. Najua hukuniandikia barua ya ofisini, ila kuanzia Agosti utakuwa kocha mkuu na hilo ndilo utakaloulizwa. Mchezaji wa kigeni lazima awe na krediti 12 kwa muhula. Akiudhika na mwalimu Aprili, akaacha somo moja na kubaki na krediti tisa bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, siku hiyo hiyo anapoteza haki ya kucheza na viza yake inaingia hatarini. Kwenye chuo chenye watu watano katika idara nzima ya michezo, atakayemkimbilia mpaka kwa msajili kumzuia ni wewe.

Na si hilo tu. Sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inamwekea mchezaji saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umepamba moto, na siku moja ya kupumzika. Kocha hakuwekewa kikomo chochote. Utafunga nyuzi za raketi usiku, utaendesha basi dogo saa tano kwenda na saa tano kurudi, utatafuta hoteli isiyozidi bajeti, utafua jezi, utajaza fomu za kila simu uliyompigia kijana unayemtaka. Huko Kansas upepo utakufutia mazoezi mara nyingi kuliko mvua, na kama chuo hakina viwanja vya ndani utakuwa unaomba nafasi kwenye klabu ya mjini saa kumi na moja alfajiri. Ukiwa msaidizi umeonja sehemu ya haya, lakini kuna mtu juu yako anayekukinga na mengine. Dakika zile mbili za benchi, za "rudisha katikati", ni tamu kweli, nami sikatai. Ila ni chache ndani ya wiki.

Mahali ambapo naona una mkono mzuri kuliko wengi ni katika kusaka wachezaji. Kwenye Divisheni ya Kwanza zaidi ya nusu ya wachezaji wa tenisi wanatoka nje ya Marekani, na vyuo vya Divisheni ya Pili navyo vinawindana kwa hao hao. Makocha wanakaa usiku wanatazama alama za UTR, kipimo cha uwezo wa mchezaji wa tenisi, na video kutoka Uhispania, Brazili, Afrika Kusini. Alama hizo kila mtu anaziona. Kumtuliza mama wa Kampala au Bulawayo anayeogopa kumpeleka binti yake mahali asipomjua mtu, hilo kocha wa kawaida wa Kansas hawezi. Wewe unaweza, kwa sababu mama yako mwenyewe aliogopa vivyo hivyo.

Kuna na jambo moja la giza, nalisema kwa ufupi. Kocha ana sauti katika ofisi ya udahili, na wazazi wenye fedha wanalijua hilo. Mwaka 2019 ilifichuka kashfa kubwa ya rushwa ya udahili. Gordon Ernst, aliyekuwa kocha wa tenisi wa Georgetown, alifungwa miaka miwili na nusu, na Michael Center wa Texas miezi sita. Kule Texas timu iliachiwa msaidizi, Bruce Berque, katikati ya msimu, na Mei hiyo hiyo ikachukua ubingwa wa taifa. Huwa nawakumbusha vijana wasaidizi kisa hicho, hasa wale wanaodhani hakuna anayewaona.

Kuhusu kufutwa kwa timu, umesikia kweli. Mwaka 2020 Iowa, Minnesota na Connecticut zilitangaza kufuta tenisi ya wanaume, na hivyo si vyuo vidogo. Tenisi haiuzi tiketi. Tena sheria ya Title IX ya 1972 inavitaka vyuo viwape wanawake nafasi sawa, na kwa kuwa futiboli ya Marekani inameza wanaume wengi mno, fedha zikipungua timu ndogo za wanaume ndizo zinazotangulia kukatwa. Halafu Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vya Divisheni ya Kwanza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Karibu zote zinakwenda kwenye futiboli na mpira wa kikapu, na lazima zitolewe mahali fulani. Kwa hiyo lile jina kubwa la kwenye televisheni halikukingi na kitu.

Chuo kidogo kinaishi kwa hesabu nyingine kabisa. Pale mchezaji wa tenisi anapewa ufadhili nusu au robo, kinachobaki analipa mwenyewe. Kocha akileta wachezaji ishirini, ameleta wanafunzi ishirini wenye ada. Mkuu wa chuo hafuti kwa urahisi timu inayomjazia madarasa. Hatari ya huko ni kwamba chuo chenyewe kinaweza kufungwa. Kwa hiyo waulize bila haya: wanafunzi wapya wamekuwa wangapi kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita, na viwanja vilitiwa sakafu mpya lini. Chuo ambacho hakijagusa viwanja vyake miaka kumi na tano kimeshakujibu.

Mimi ningeshika Kansas. Ungekuwa na miaka 22, huna mchumba, na una pasipoti ya Marekani, ningekwambia nenda kwenye jina kubwa ukapige mipira na wachezaji wazuri miaka miwili mitatu, uone kazi inavyofanywa kwa fedha. Lakini wewe ungekuwa mtu wa tatu kwenye timu, kwa mkataba wa mwaka, chini ya kocha ambaye naye akifukuzwa anaondoka na watu wake wote. Huyo bwana anayekuahidi milango, muulize wasaidizi wake watatu waliopita wako wapi leo. Kansas timu ni yako, makosa ni yako, na miaka mitatu baadaye una kitu cha kuonyesha chenye jina lako juu yake. Gould naye hakuanzia Stanford.

Uuguzi nauacha kwa binamu yako. Ni kazi njema na inalipa, lakini barua yako yote haina sentensi hata moja inayoonyesha unaitaka, na ada ya mwanafunzi wa kigeni kwa mwaka na nusu hakukutajia nani ataitoa.

Sasa viza, na hapa soma polepole. Ukimaliza uzamili utapata miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na ulichosomea. Baada ya hapo chuo lazima kikuombee H-1B, viza ya kazi ya wataalamu. Habari njema ni kwamba vyuo haviingii kwenye ile bahati nasibu ya kila mwaka inayowatesa wafanyakazi wa kampuni. Habari ngumu ni kwamba maofisa watataka kuonyeshwa kuwa kazi yenyewe inahitaji shahada ya fani maalumu. Tangazo la kazi likisema "shahada yoyote", ombi lako limedhoofika kabla halijaandikwa. Waombe Kansas wakuonyeshe tangazo lao, na wakuandikie kwenye mkataba kwamba watagharamia ombi hilo na litapelekwa lini. Ahadi ya mdomo ya mkurugenzi wa michezo haitoshi, maana wakurugenzi huhama. Kisha rasimu ya mkataba mtumie mzee. Mtu aliyekagua hati za mizigo miaka yote hiyo ataona palipoachwa wazi haraka kuliko wewe mwenye haraka ya kusaini.

Na arusi ya Agosti. Septemba 2025 maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani yaliwekewa ada ya dola 100,000. Hakuna chuo kidogo kitakacholipa hiyo kwa ajili ya kocha wa tenisi. Usikate tiketi ya kuja Mombasa kabla hujakaa na wakili wa uhamiaji akakwambia lini ni salama kutoka na kurudi.

Hapo ndipo nilipokwama na barua yako, mwanangu. Umeniandikia anachosema baba, anachosema binamu, wanachouliza wazazi wa bibi arusi, mpaka jibu la mama. Anachosema bibi arusi mwenyewe hukuniandikia neno hata moja. Je, anajua kwamba akija na viza ya mke wa mwanafunzi hataruhusiwa kufanya kazi hata siku moja? Na kwamba ukipata H-1B, mke wako kwa kawaida pia hafanyi kazi mpaka ombi la makazi ya kudumu lifike hatua fulani, jambo linaloweza kuchukua miaka? Huyu ni mwalimu. Ana mshahara wake, ana darasa lake, ana wanafunzi wanaomsalimia barabarani. Unamleta kwenye mji wa Kansas ambako kuanzia Januari hadi Mei wewe uko barabarani kila mwisho wa juma, naye yuko ndani na upepo. Dola 39,000 zitakuwa za watu wawili, na mmoja wao amezoea kushika fedha zake mwenyewe.

Simaanishi atakataa. Wapo wanawake waliofanya hivyo kwa hiari na macho wazi, wakaitumia miaka hiyo kusoma au kulea, na nimewajua wake wa makocha walioendesha timu kuliko waume zao. Wapo pia walioamua kubaki nyumbani mwaka wa kwanza, ndoa imefungwa, mpaka viza ikae sawa, na hilo si aibu. Lakini anapaswa kuchagua yeye, akiwa na ratiba ya mechi na sheria ya viza mbele yake, kabla hujasaini.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Kansas waombe wiki mbili, watakupa. Lile jina kubwa lishukuru kwa adabu bila kukata kamba, maana mtakutana viwanjani. Mpigie mchumba wako, umsomee huu ukurasa wote, na hili la kutofanya kazi usilifiche mwishoni. Na Kansas wakikataa kuweka habari ya viza kwenye maandishi, niandikie tena kabla hujasaini popote, kwa sababu hapo jibu langu litakuwa jingine.

Shangazi